Vumilia mpaka wapi? Ndoa za redioni zilizotulea Rulenge



Mwezi uliopita bibi harusi mmoja alikuja kujaribu gauni lake la nikaha. Tukawa tumembana pini kiunoni, amesimama mbele ya kioo, mikono ameinua. Ghafla akauliza: "Hivi dada, kila mtu ananiambia nivumilie. Somo yangu anasema vumilia, shangazi anasema vumilia, mpaka jirani aliyekuja kuangalia vyombo anasema vumilia. Nivumilie mpaka wapi?"

Hatukumjibu. Midomo ilikuwa imeshika pini, na hata isingekuwa na pini tusingekuwa na jibu la haraka. Alivyoondoka tukapigiana simu, maana sisi ni ndugu wawili. Mmoja anashona Unguja alikofuata mume, mwingine amebaki na cherehani zake kwetu Rulenge. Tulipomaliza kusimuliana, mmoja akasema, "Unamkumbuka Mama Waridi?" Tukacheka mpaka salio likaisha.

Basi makala hii ndiyo jibu la yule bibi harusi. Limechelewa, na limetoka kwenye redio ya zamani.

Redio ya baba

Wengi wenu hamjafika Rulenge. Iko wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, kona ya nchi inayopakana na Burundi na Rwanda. Ni vilima, migomba na kahawa. Watu wengi wanaijua kwa sababu ya misheni na hospitali yake, na jimbo la Kanisa Katoliki lilibeba jina la Rulenge peke yake mpaka mwaka 2008 lilipoanza kuitwa Rulenge-Ngara. Waislamu tulikuwa wachache lakini tulikuwepo, wengi wetu watoto wa wafanyabiashara. Nyumbani tuliongea Kiswahili na Kihangaza, lugha iliyo karibu sana na Kirundi, kiasi kwamba mtu wa kwetu akikaa na Mrundi hawahitaji mkalimani.

Jambo jingine ambalo wa visiwani huwa hawaliamini: kwetu jua linachelewa. Saa za nchi ni zile zile, lakini sisi tuko magharibi sana, kwa hiyo maghribi ya Rulenge inaingia kama nusu saa baada ya ya Unguja. Hiyo nusu saa ndiyo tuliyoitumia kusikiliza redio.

Redio ilikuwa ya baba. Yeye ndiye aliyeinunua, yeye ndiye aliyenunua betri, na yeye ndiye aliyeruhusiwa kugusa kile kidude cha kutafutia stesheni. Betri zikichoka zilianikwa juani juu ya jiwe ili zipate nguvu ya siku moja zaidi. Hatukuwa na cha kuchagua. Sheria iliyofungua milango kwa redio binafsi ilitungwa mwaka 1993, na hizo redio zilianzia mijini. Kwetu redio maana yake ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Taarifa ya habari, vifo, salamu, na michezo ya kuigiza. Wakubwa walikuwa wameshacheka miaka mingi na vituko vya Pwagu na Pwaguzi.

Julai 1993 ukaanza mchezo mwingine, jina lake *Twende na Wakati*. Ulirushwa jioni, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Mmoja wetu alikuwa na miaka sita na mwingine mitatu, kwa hiyo mwanzo wenyewe hatuukumbuki. Lakini mchezo uliendelea mwaka hadi mwaka, nasi tukakua nao. Tulipofika umri wa kuelewa, watu wa mchezo ule walikuwa kama majirani. Mama alikuwa akiwataja wakati anachambua mchele, na mgeni angedhani anasema habari za watu wa mtaa wa pili.

Ndoa mbili

Mchezo ulikuwa na watu wengi, ila nyumbani kwetu waliozungumzwa ni wa ndoa mbili.

Ya kwanza ni ya Mkwaju na Tunu. Mkwaju alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Kila kituo alichoegesha lori alikuwa na mwanamke. Pesa iliishia njiani, na akirudi nyumbani alikuja na ukali. Tunu mkewe alikaa kimya, akavumilia, akawalea watoto. Alivumilia vile vile ambavyo yule bibi harusi wetu anaambiwa leo. Sehemu baada ya sehemu tulimsikia akimeza maneno. Halafu taratibu akaanza kubadilika. Akaanza biashara yake ndogo, akawa na senti yake, na mwisho akaachana na Mkwaju. Mkwaju naye akapata virusi vya UKIMWI, akaugua, akafa.

Ya pili ni ya Fundi Mitindo na Mama Waridi. Fundi Mitindo alikuwa fundi cherehani, na labda ndiyo sababu tulimpenda, ingawa hatukujua kwamba na sisi tutakuja kula kwa cherehani. Huyu hakuwa mtu mbaya wala malaika. Alikuwa mume wa kawaida, mwenye mke waliyezoeana, na mwenye mawazo ya zamani ambayo hakutaka yaguswe. Jambo kubwa kati yao lilikuwa uzazi: wazae wangapi, wapumzike lini, nani aamue. Mama Waridi alikuwa na maoni yake na Fundi ana yake. Walibishana, wakanuniana, wakarudi kwenye mazungumzo, wakanuniana tena, mpaka mwisho wakakubaliana kwenda pamoja kupata ushauri wa uzazi wa mpango.

Ukiitazama juu juu utasema ndoa ya Mkwaju ndiyo yenye hadithi na ya Fundi Mitindo haina kitu. Hakuna aliyefumaniwa, hakuna aliyekufa. Lakini ile ya pili ndiyo tunayoikumbuka zaidi sasa hivi kwa kuwa na sisi tumeolewa. Ndoa nyingi ziko hivyo. Hazina fumanizi, zina jambo moja ambalo mume na mke wanalizunguka miaka mitano bila kulitaja.

Aliyebuni namna hii ya kufundisha

Tulipokuwa watoto tulidhani mchezo ule ulitungwa tu kama hadithi za bibi. Ukubwani ndipo tukajua kuna mpango mrefu nyuma yake.

Michezo ya redio inayoendelea miaka na miaka si kitu kigeni duniani. Uingereza wana wao uitwao *The Archers*, unaohusu familia za wakulima. Ulianza kurushwa nchi nzima mwaka 1951, wakati nchi ile ilikuwa bado inajikusanya baada ya vita, na nia moja ilikuwa kuwafundisha wakulima mbinu mpya bila kuwachosha kwa hotuba. Mpaka leo unasikika.

Aliyeitengenezea kazi hii kanuni ni mtu wa Meksiko, Miguel Sabido, mtayarishaji wa tamthilia za televisheni. Miaka ya 1970 aliona kwamba watu hawabadiliki kwa kuhubiriwa. Wanabadilika wakimwona mtu kama wao akihangaika, akikosea, akijaribu tena. Kwa hiyo kanuni yake ina watu wa aina tatu. Yupo mbaya, ambaye matendo yake yatamrudia. Yupo mwema, wa kuigwa. Na katikati yupo anayesitasita, anayevutwa huku na huku. Huyo wa katikati ndiye mhimili, kwa sababu msikilizaji anajiona ndani yake.

Rudini sasa kwenye mchezo wetu. Mkwaju ni yule mbaya. Tunu, Fundi Mitindo na Mama Waridi ni wa katikati. Wanaanza wakiwa wamekwama, na polepole wanatoka. Ndiyo maana mama yetu hakuwa akimtaja daktari wala mshauri yeyote wa kwenye mchezo. Alimtaja Mama Waridi.

Kanuni hiyo ilifika Afrika Mashariki kupitia Kenya. Mwaka 1987 kulikuwa na *Tushauriane* kwenye televisheni na *Ushikwapo Shikamana* kwenye redio, yote kwa Kiswahili. Shirika la Marekani lililokuwa likisambaza kazi ya Sabido, Population Communications International, ndilo lililoshirikiana na Radio Tanzania kuanzisha *Twende na Wakati*, kwa fedha za Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, UNFPA.

Halafu likafanyika jambo ambalo ni nadra. Walitaka kujua kwa hakika kama mchezo unabadilisha watu au unawachekesha tu. Wakaamua kwamba miaka miwili ya mwanzo, 1993 hadi 1995, kituo cha Dodoma kisiurushe. Nchi nyingine isikilize, Dodoma isubiri. Kila mwaka watafiti walizunguka kuhoji watu pande zote mbili. Mmoja wao alikuwa Everett Rogers, profesa mashuhuri wa Marekani kwenye elimu ya jinsi mambo mapya yanavyoenea, na walikuwemo Watanzania pia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Palipokuwa na matangazo, zaidi ya nusu ya waliohojiwa walisema wanausikiliza mchezo. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kule, na Dodoma hayakuongezeka hivyo mpaka na wao walipoanza kuusikia. Lakini kwetu lililo muhimu zaidi ni hili: waliosikiliza walizungumza zaidi na wake zao na waume zao. Mchezo uliingia kwanza kwenye maongezi, na maongezi ndiyo yaliyoleta mengine.

Kuhusu uzazi wa mpango wenyewe hatutoi fatwa. Muulizeni daktari kuhusu mwili na shekhe kuhusu dini. Sisi tunazungumzia yale maongezi.

Kwa nini kwetu Mkwaju hakuwa mchezo

Kagera ina historia yake na ugonjwa ule. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Kabla haujapata jina la kitaalamu watu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kinauzwa na wafanyabiashara waliotokea upande wa Uganda. Mafundi wenzetu, fikirieni hilo. Kitambaa kizuri kikageuka jina la kifo.

Kisha ikaja Aprili 1994. Baada ya mauaji ya kimbari kuanza Rwanda, karibu watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara kwa muda wa siku moja na kitu. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko miji tuliyoijua. Malori yakafuata: ya chakula, ya mahema, ya mafuta. Madereva wakalala barabarani kwa wiki nzima. Palipo na madereva kuna wauza chai, wauza mitumba, na mabinti wenye shida ya pesa. Mkwaju wa redioni akawa na sura, na magari yake tuliyahesabu barabarani.

Baba yetu alikuwa anauza vitambaa na mitumba. Biashara ilikuwa Benaco, kwa hiyo baba naye akawa Benaco. Alikaa huko wiki mbili, akarudi siku mbili, akaondoka tena. Pesa ilionekana. Tulipata viatu na baiskeli, na mama akapata kitenge kipya. Lakini mama alikonda. Majirani walimwambia alichoambiwa kila mwanamke: shukuru, mume anatafuta, vumilia.

Jioni moja baba alikuwepo nyumbani. Redio iko juu ya kabati, sisi tumekaa kwenye mkeka, mama yuko mlangoni anamenya ndizi. Mchezo ukafika mahali Mkwaju anarudi safari na Tunu hasemi kitu. Mwisho ukapigwa muziki wa kufungia. Mama akamwita baba kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama alivyomwita siku zote, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Huyu Tunu angemuuliza tu. Mimi ningemuuliza."

Baba akasema, "Ungemuuliza nini?"

Mama akasema, "Ningemuuliza, ukiwa kule unalala wapi?"

Ndizi zilikuwa zimeshamenywa zote lakini mama aliendelea kushika kisu. Baba akaamka, akazima redio, akatoka nje. Wiki iliyofuata hakununua betri. Tulikaa bila redio karibu mwezi, na sisi watoto tulimlaumu mama. Tuliona ametukosesha mchezo kwa mdomo wake.

Siku moja baba akarudi Benaco na betri nne mpya. Akaziweka, akatafuta stesheni, na kabla mchezo haujaanza akamwambia mama, mbele yetu, kwamba kule analala kwenye banda la mizigo na kijana wake wa kazi, na kwamba mwezi ujao mama aende akaone mwenyewe. Mama akaenda. Tuliachwa kwa bibi siku tatu. Alirudi na biashara mpya kichwani: aligundua watu wa kambini wanahitaji nguo zao za mitumba zirekebishwe, na hakuna fundi wa kutosha. Cherehani ya kwanza nyumbani kwetu ilinunuliwa hivyo.

Hatutawadanganya kwamba toka siku hiyo nyumba ilikuwa asali. Walikosana mara nyingi. Kambi ilipofungwa Desemba 1996 na wakimbizi wakarudi Rwanda, biashara ilikufa na baba akawa mkali mwaka mzima. Kulikuwa na wakati mama alirudi kwao kwa wiki sita. Lakini neno lilikuwa limeshafunguliwa. Kila walipokwama mmoja wao aliweza kusema, "Tusiwe kama Tunu na Mkwaju," na mwenzake alielewa kwamba maana yake ni: tuzungumze. Walikaa pamoja mpaka baba alipofariki. Allah amrehemu.

Tumejiuliza sana, je, kama siku ile jibu la baba lingekuwa jingine? Kama kule Benaco kungekuwa na mwanamke? Basi mama angelijua mapema, akiwa bado na afya na nafasi ya kuamua. Kwa Kagera ya miaka ile, swali moja liliweza kuokoa uhai wa mtu. Wako wanawake wa Rulenge waliovumilia kimya, na waliwaacha watoto wakiwa wadogo kama sisi. Tulisoma nao darasa moja.

Ng'ambo ya mpaka

Mchezo wa mume na mke haukuwa peke yake. Ng'ambo ya mpaka wetu, Burundi, ambako vita vilikuwa vinaendelea, Studio Ijambo ya Bujumbura ilianza mwaka 1997 kutoa mchezo wa redio ulioandikwa na mwanamke, Marie-Louise Sibazuri. Jina lake, *Umubanyi Niwe Muryango*, linamaanisha jirani ndiye familia. Ulihusu nyumba mbili zilizopakana, moja ya Wahutu na moja ya Watutsi. Lugha yake kwetu haikuwa ngeni. Na Ngara kwenyewe, mwaka 1995 ilianzishwa Radio Kwizera kwa ajili ya wakimbizi. Kwizera maana yake ni kutumaini.

Tunayataja haya kwa sababu yanafanana. Vita vya nchi na vita vya chumbani vinatofautiana ukubwa, lakini watungaji wa michezo hii waliona ugonjwa mmoja: watu wanaoishi pamoja wameacha kuulizana. Dawa waliyoichagua ilikuwa ile ile, wasikie wengine wakiulizana kwanza.

Mwanamke aliyeuliza kabla yetu

Kuna watakaosema hii ni tabia ya kisasa, mwanamke wa Kiislamu hulalamika kwa Mola wake tu. Sawa, lakini tumkumbuke Khawla bint Tha'laba. Yeye na mumewe, Aws bin Samit, walikuwa wameishi pamoja umri mrefu na wamezaa watoto. Aws alikuwa mtu mzima, na hasira zake zilikuwa karibu. Siku moja akamtamkia mkewe maneno ya dhihari, akamfananisha na mgongo wa mama yake, jambo ambalo Waarabu wa zama zile walilitumia kumweka mke mahali ambapo hajaachwa wala hajaolewa.

Khawla hakukaa ndani akavumilia. Alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akaeleza, akasisitiza, akarudia. Ikateremka Sura ya Al-Mujadila, ambayo jina lake lenyewe linatokana na yule mwanamke aliyejadiliana. Dhihari ikawekewa kafara: kumwacha huru mtumwa, asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo, asiyeweza alishe masikini sitini. Na ndoa ile haikuvunjika. Khawla alipigania haki yake na wakati huo huo alikuwa anatafuta njia ya kurudi kwa mume wake.

Kwa hiyo kusema jambo lako kwa adabu, kwa mtu anayepaswa kulisikia, hakujaanza na redio.

Jibu letu kwa bibi harusi

Yule binti alirudi kuchukua gauni. Tulimwonyesha ndani ya mishono ya pembeni, tukamwambia tumeacha kitambaa cha ziada, kama inchi moja kila upande. Akashangaa, akasema mbona gauni linamkaa vizuri? Tukamwambia leo linakukaa. Mwili utabadilika, utazaa in shaa Allah, utanenepa, utakonda. Gauni lililokatwa mpaka ukingoni haliwezi kuachiwa, litachanika.

Halafu tukamwambia hivi, na tunawaambia na nyinyi.

Kuvumilia kupo na ni ibada. Vumilia uchovu wake, vumilia pesa ikipungua, vumilia mama yake akiwa mgonjwa na mchungu wa maneno. Vyombo vya kabati moja havikosi kugongana. Fundi Mitindo na Mama Waridi walivumiliana hayo, na ndiyo maana walifika mbali.

Lakini usivumilie kimya. Jambo linalokunyima usingizi litaje likiwa bado dogo, mkiwa wawili, kwa sauti ya kawaida. Mama yetu hakupiga kelele, alishika kisu cha ndizi tu. Akinuna, mwachie anune. Baba alinuna mwezi mzima. Asipotaka kusikia kabisa, dini imekuwekea watu wa kuamua, mmoja wa upande wako na mmoja wa upande wake. Watumieni mapema, msiwaite siku ya kugawana vyombo.

Na palipo na kipigo, au hatari ya maradhi, au mume asiyejulikana analala wapi na hataki kuulizwa, hapo mpaka umefika. Tunu alichelewa kuujua lakini aliujua. Nenda hospitali ukapime, nenda kwa wazazi, nenda kwa kadhi. Hilo halikutoi kwenye ucha Mungu.

Jambo la mwisho ni la mfukoni. Tunu alipata ujasiri alipokuwa na biashara yake, na mama yetu alipopata cherehani. Uwe na kazi ya mikono yako hata iwe ndogo, kupika vileja, kusuka, kushona, kuuza udi. Mke mwenye senti yake anauliza swali bila kutetemeka, na mume mwema hufurahi kuwa na mke wa namna hiyo.

Binti alikunja gauni lake akaliweka kwenye mfuko. Mlangoni akageuka akauliza, "Sasa kama sina la kumuuliza, kila kitu kizuri?"

Tukamwambia amuulize hata kama ni kizuri, umelalaje, siku ilikwendaje, kuna kinachokusumbua? Azoee kuulizwa kabla halijaja lenye uzito.

Mama yetu bado yuko Rulenge. Sasa ana simu yenye redio ndani yake, na vijukuu wake ndio wanaomtafutia stesheni. Tulimpigia tukamsomea makala hii kabla ya kuileta kwenu. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kidogo, akasema tumekosea jambo moja. Hazikuwa betri nne alizoleta baba, zilikuwa sita. Mbili alisema ni za akiba, ili mchezo usikatike tena.

Allah awabariki katika ndoa zenu, awape wenza wanaosikia. Amina.